Gari mpya, usukani unasumbua, na kila ukirudi unaambiwa iko freshi: tuichambue dalili kwa dalili

Hii ni kwa wewe ambaye gari bado iko ndani ya waranti, umeshairudisha kwa waliokuuzia zaidi ya mara moja, labda inavuta pembeni, labda inatetemeka, labda usukani unakuwa mgumu ghafla, wanashinda nayo siku nzima na jioni unapewa funguo na karatasi iliyoandikwa "imekaguliwa, haina tatizo". Unatoka getini, hujafika hata mataa ya kwanza, ugonjwa ule ule.

Kabla hujagombana na mtu wa kaunta elewa anavyofikiria. Waranti inalipia kitu kilichotoka kiwandani na ubovu wake. Hailipii tairi kuisha, hailipii rimu iliyopigwa na shimo, na alaimenti (kupanga pembe za tairi) kwenye vitabu vingi vya waranti inahesabiwa kama marekebisho ya kawaida, unapewa kipindi kifupi cha mwanzo halafu basi. Sasa shida za usukani nyingi ama zinatoka kwenye hivyo vitu vitatu ama zinafanana sana na zinazotoka hapo, kwa hiyo ukisema tu "gari inavuta" yeye jibu analo mdomoni tayari, ni tairi zako bosi, ni barabara zetu hizi. Kazi yako ni kulifunga hilo jibu kabla hajalitoa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaifanya mwenyewe bila kufungua nati yoyote zaidi ya za tairi.

Onyo moja kabla ya yote. Usukani ukikwama kabisa hata mara moja, au taa nyekundu ya usukani ikawaka na ukawa mzito wa kutisha, usiendeshe kuipeleka. Piga simu waje na bridauni, na kila kitu unachoongea nao kiwe kwenye meseji.

UPEPO NA VITU VYA KUONDOA NJIANI

Upepo usiuchukulie poa. Gari mpya husafirishwa melini na upepo mwingi kuliko kawaida ili tairi zisibonyee zikikaa muda mrefu, wa kuupunguza ni yule anayeikagua kabla hujakabidhiwa, akisahau unaondoka na gari inayorukaruka na kutangatanga wakati haina ubovu wowote. Namba sahihi iko kwenye stika, fungua mlango wa dereva angalia kwenye nguzo, na mara nyingi mbele na nyuma ni tofauti. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, siyo ya gari yako, na jamaa wa upepo pale sheli asikujazie 35 pande zote kwa mazoea. Pima asubuhi gari haijatembea, tairi likishapata moto upepo unapanda psi 4 au zaidi na utadanganyika.

Kitu kingine kinachowachanganya wengi siku hizi ni kamera ile ya juu ya kioo cha mbele, inayosoma mistari ya barabara na kuugusa usukani yenyewe. Kwenye lami iliyopakwa rangi upya huku mistari ya zamani inaonekana kwa chini, gari inaweza kukuvuta kufuata mstari uliokufa na ukaapa kwamba steringi boksi imekwisha. Izime kwenye menyu uendeshe siku mbili tatu. Shida ikipotea umepata pa kuanzia, na kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa muulize fundi kama kamera ilipangwa upya kwa kompyuta, maana bila hivyo inasoma upogo.

Halafu rudisha gari ilivyotoka kiwandani. Spesa za kuinulia, rimu pana, tairi kubwa kuliko za stika, zote toa. Najua mashimo na matuta yetu yanamshawishi mtu aiinue kidogo, lakini hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokipiga picha.

INAVUTA UPANDE MMOJA

Hapa ndipo watu wengi wanapozungushwa, kwa hiyo twende taratibu.

Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yamwagike pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari nzima kabisa ukilegeza mikono itasogea kushoto taratibu. Hiyo siyo kuvuta. Inayosogea kulia, yaani inaupanda mwinuko, hiyo ina jambo. Na inayokimbilia kushoto haraka kiasi kwamba mkono unachoka kuirudisha, nayo ina jambo, ila itafutie eneo pana la tambarare au kipande cha barabara kinacholalia upande wa pili uone kama inabadilika.

Ukishahakikisha kweli inavuta, hamisha tairi za mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, rudi barabara ile ile mwendo ule ule. Kama ilikuwa inavuta kushoto na sasa inavuta kulia, mchawi ni tairi. Tairi la radial linaweza kutoka kiwandani mikanda yake ya ndani imekaa upande kidogo, kwa macho huoni kitu, mashine ya balansi haioni kitu, lakini likizunguka linasukuma gari pembeni. Hilo linadaiwa kwenye waranti ya mtengeneza tairi, kitabu chake mara nyingi ni tofauti na cha gari, lakini kama gari ina kilomita chache mng'ang'anie aliyekuuzia akusimamie, ndiye aliyekukabidhi gari na tairi zake. Tairi zenye mshale wa mwelekeo ubavuni usizihamishe kushoto kulia, badilisha la mbele na la nyuma la upande ule ule.

Ikiendelea kuvuta upande ule ule wa zamani, umeshalifunga jibu la tairi. Andika tarehe na kilomita.

Angalia na breki. Baada ya safari ambayo hukukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu (usiguse disiki, utaungua), moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili basi kaliper yake (kile kinachobana pedi za breki) inashikilia na gari inaburuzwa. Inavuta ukikanyaga breki tu? Hiyo ni kaliper, hozi, au bushi ya lowa amu (mkono wa chini unaoshika tairi). Inavuta ukikanyaga mafuta tu, na gari ni ya kusukumwa na tairi za mbele na ina nguvu, kidogo ni tabia yake, ikizidi bushi za lowa amu na mauntini za injini ziangaliwe.

Sasa alaimenti. Usikubali kuambiwa kwa mdomo "tumefanya alaimenti", dai karatasi ya mashine, ya kabla na ya baada. Kuna vipimo vitatu pale, kemba (tairi kulalia ndani au nje kwa juu), kasta (mhimili tairi linapogeukia kulalia mbele au nyuma) na tou (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele). Gari huvuta kwenda upande ambao kemba yake ni chanya zaidi, au upande ambao kasta yake ni ndogo. Tou ikiharibika inakula tairi na kuuweka usukani tenge, lakini tou ya mbele peke yake huwa haivuti gari. Gari ndogo nyingi kinachorekebishika mbele kwa nati ya kawaida ni tou tu, hivyo unaweza kukuta fundi kafanya alaimenti mara tatu, kila mara kagusa tou, na kasta imekaa nyekundu kwenye karatasi haina pa kuishikia. Hapo ndipo pa kumbana. Kasta au kemba kuwa nje kwenye gari ambayo haina pa kuirekebisha maana yake kuna kitu kimepinda au sabufremu (fremu ndogo ya chini inayoshika lowa amu) imefungwa vibaya, na mazungumzo yanahama kutoka marekebisho kwenda kwenye kipuri. Watatafuta alama ya kugongwa chini ya gari, hiyo ni haki yao, ndiyo maana nasema ripoti mapema, gari yenye kilomita 800 inajitetea yenyewe kuliko yenye 40,000. Na usisahau gari mpya nayo inaweza kupinda kabla hujaiona, inafungwa kwa kukazwa melini na kwenye malori ya kubebea magari.

Na usitulizwe na rangi ya kijani peke yake. Kushoto na kulia vyote vinaweza kuwa ndani ya kipimo, ila kimoja kimekaa mwanzo wa kipimo na kingine mwisho, tofauti ya pande mbili ikizidi nusu digrii gari inaweza kuvuta huku karatasi yote inang'aa kijani.

USUKANI UMEKAA TENGE, GARI INAENDA MOJA KWA MOJA

Mara nyingi tou ya mbele imegawanywa vibaya, dakika chache za fundi. Ikirudi tena na tena, mwambie asome namba za nyuma, ekseli ya nyuma ikikaa upogo inasukuma gari kwa pembeni na wewe mbele unasahihisha kwa usukani bila kujua. Baada ya alaimenti yoyote sensa ya pembe ya usukani inatakiwa iwekwe sifuri kwa kompyuta kwenye gari nyingi za sasa, wasipofanya hivyo utaona taa ya kuzuia kuteleza inawaka bila sababu au gari inajipigia breki kidogo kwenye kona.

INATETEMEKA

Kuna mitetemo ya aina tatu, ukiwapelekea kwa jina moja la "inavaibreti" watakufanyia balansi kila siku.

Inayokuja kuanzia 80 hivi, inakolea 100 au 110, halafu labda inapungua ukizidisha, ni ya tairi na rimu. Ukiisikia mikononi ni za mbele, ukiisikia kwenye kiti ni za nyuma. Kabla ya balansi osha rimu kwa ndani, tope la masika likikaukia mle linaharibu balansi yote. Balansi ikifanyika sawasawa na bado inatetemeka, tairi lizungushwe kwenye mashine ulitazame kwa macho, kama linapanda na kushuka haliko duara, au rimu imepinda. Gari iliyokaa yadi miezi mingi tairi zinaweza kubonyea mahali pamoja, zikipata moto zikalainika mtetemo unapungua, zisipolainika hazina dawa, zidaiwe.

Inayokuja ukikanyaga breki kwenye mwendo, pedali inapiga mguuni, ni disiki, unene wake haulingani. Hapa kuna sababu moja inayosahaulika sana, nati za tairi kukazwa kwa mashine ya upepo bila kipimo, moja imekazwa kufa nyingine nusu, disiki inakaa upogo na baada ya muda inalika vibaya. Kwa hiyo kama tairi zako zilifunguliwa na fundi wa pancha barabarani jua watakuuliza, na wewe nawe uliza kama wao wenyewe walitumia spana ya kipimo siku ya sevisi.

Ya tatu inakuja ukikanyaga mafuta na kutoweka ukiachia. Hiyo siyo tairi. Ni sivi jointi ya ndani (kiungo cha shafti inayozungusha tairi) au shafti yenyewe, na kwenye gari ya kilomita chache huo ni mzigo wa waranti.

USUKANI MZITO, AU UNANATA KATIKATI

Gari nyingi mpya hazina tena oili ya usukani, kuna mota ya umeme, kwa hiyo mtu akikwambia "ongeza hydroliki" kwenye gari ambayo haina hata kopo lake, shukuru uondoke. Ukiwa unapaki unazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, mota ikipata moto inapunguza msaada ili isiungue, ikipoa inarudi, huo siyo ubovu. Ukiwa mzito asubuhi tu au unabadilika badilika, anza na betri, vichwa vya betri na waya wa ethi. Na hapa vifaa vya GPS vya kufuatilia gari (traka) vile tunavyofungiwa na mabenki na redio kubwa za mtaani zinaleta balaa, waya ukichomekwa pabaya, taa ya usukani inawaka na aliyekupa waranti anapata pa kutokea. Kama ulilazimika kufunga traka tunza karatasi ya aliyefunga.

Kunata katikati ni habari nyingine na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Uko barabara kuu, umenyooka, unataka kusahihisha kidogo tu, usukani unagoma, unaongeza nguvu, unaachia ghafla na gari inaruka zaidi ya ulivyotaka. Ukifika gereji hakuna kitu. Hii ina historia. Marekani wenye Honda Civic walilalamika hivyo hivyo mpaka mamlaka ya usalama ya huko, NHTSA, ikafungua uchunguzi 2023, na Oktoba 2024 Honda ikaziita zirudi kurekebishwa gari karibu milioni 1.7 za 2022 hadi 2025, zikiwemo Civic, CR-V na HR-V, gia ya ndani ya steringi boksi ilikuwa imetengenezwa vibaya na inaleta msuguano. Dawa ilikuwa kubadilisha springi na kuweka grisi upya. Kwa hiyo mtu akikwambia usukani hauwezi kunata bila taa kuwaka, unaweza.

Tatizo ni kulionyesha. Linakuja baada ya mwendo mrefu wa kunyooka, wao wanazungusha gari ndani ya yadi na kutoka mpaka mzunguko wa karibu. Dai fundi apande na wewe, uendeshe wewe, kama uko Dar nendeni mpaka Kibaha mrudi. Wakikataa, wakatae kwa maandishi.

INATANGATANGA, INAELEA

Haivuti upande mmoja, ila kila saa unaisahihisha. Upepo tumeshaumaliza. Simamisha gari, injini inawaka, chezesha usukani kidogo kidogo huku mtu anatazama tairi, usukani ukitembea zaidi ya milimita 30 hivi kabla tairi halijagusika, kuna kitu kinacheza, tairodi, reki, au jointi ya shafti ya usukani. Kwa gari iliyonyanyuliwa na kuwekwa stendi, tairi likicheza ukilisukuma kushoto kulia ni tairodi, likicheza juu chini ni beringi au boljointi. Bushi za nyuma nazo zinaleta kuelea, na mafundi wengi hawatazami nyuma kabisa.

Kwa pikapu kuwa mkweli na nafsi yako. Hilux, Ranger, D-Max ikiwa tupu, na springi za majani nyuma, kwenye makorongo ya vumbi itarukaruka matako na hakuna waranti itakayobadilisha hilo. Njia ya kumaliza ubishi ni kuomba gari nyingine ya modeli ile ile, ya shoorumu au ya mteja mwingine aliyeleta sevisi akakubali, ipite barabara ile ile na fundi yule yule ndani. Zikifanana ndivyo ilivyoundwa. Zikitofautiana huna haja ya maneno mengi.

Gari zenye ekseli nzima mbele, Jimny na Land Cruiser zile za mkonga, zina ugonjwa wao. Unakanyaga kishimo ukiwa 70 au 80, usukani unaanza kupiga kushoto kulia kwa nguvu na hauachi mpaka upunguze mwendo kabisa. Ukiona wanataka kubadilisha dampa ya usukani (shokapu ndogo inayoutuliza) peke yake, itatulia wiki kadhaa halafu itarudi, dampa inaficha tu. Waangalie balansi, beringi za kingipini (pini ambazo tairi linageukia) zilivyokazwa, na bushi za panadi rodi (fimbo inayoizuia ekseli isisogee pembeni).

Kugonga gonga kwenye matuta madogo ni stabilaiza linki mara nyingi, ukizungusha usukani gari imesimama na kitu kinatoa "tang" ni mauntini ya juu ya shokapu. Hizo wanabadilisha bila kelele.

KARATASI

Usiandike jina la kipuri. Ukisema "nataka mbadilishe reki" wataipima reki, wataikuta nzima, wamemaliza. Andika dalili, na hakikisha imeingia kwenye jobu kadi kama ulivyoiandika wewe, siyo kwa kifupi cha mtu wa kaunta kwamba "mteja analalamika usukani". Na kila mara upewe kopi hata kama hawajafanya kitu, kwa sababu waranti inaisha kwa miaka au kilomita, chochote kitakachotangulia, na kinachokuokoa mbele ya safari ni kwamba tatizo liliripotiwa likiwa bado ndani.

Waulize wakupe jibu kama kuna waraka wa kiufundi wa kiwanda kuhusu dalili hiyo kwa namba ya chesisi yako. Mawakala wanazipata nyaraka hizo. Wewe mwenyewe unaweza kuchungulia kwenye tovuti ya NHTSA kwa modeli na mwaka, malalamiko na nyaraka za watengenezaji ziko wazi pale, ingawa gari ya soko la kwetu inaweza kuwa na vifaa tofauti na ya Marekani.

Wakishindwa panda juu, meneja wa sevisi, halafu omba mhandisi wa kanda wa mtengenezaji aje aione. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 na inapokea malalamiko ya walaji. Kenya mna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili. Usianze na hizo lakini, mhandisi wa kanda kwanza.

Maandishi yenyewe yawe ya namna hii: "Gari inavuta kulia kwenye lami kavu kuanzia 60, mizigo hakuna, upepo kama stika, tairi za mbele zimehamishwa kushoto kulia na bado inavuta kulia, rimu zote joto sawa, mfumo wa mistari umezimwa. Karatasi ya alaimenti ya tarehe fulani imeambatanishwa, kasta kushoto na kulia zimetofautiana. Naomba sababu ya tofauti hiyo kwa maandishi, na fundi atakayejaribu gari aende na mimi." Weka namba ya chesisi, kilomita za siku hiyo, sahihi, na mtu wa kaunta naye asaini kopi yako kabla hujamwachia funguo.